Homer William Smith

Homer William Smith (2 Januari 1895 – 25 Machi 1962) alikuwa mwanafiziolojia na mwandishi wa Marekani. Anajulikana hasa kwa utafiti wake juu ya figo, na juu ya namna maji, chumvi na taka za mwili zinavyoingia na kutoka katika seli za wanyama. Sehemu muhimu ya utafiti huo ilitokana na safari yake ya mwaka 1928 katika Ziwa Viktoria, alikokwenda kumtafuta kamongo, samaki mwenye mapafu. Jina hilo la Kijaluo alilifanya kuwa jina la kitabu chake kilichosomwa na watu wengi Marekani.

Njia alizozibuni pamoja na wenzake kwa kupima kazi ya figo ya binadamu aliye hai zilikuwa msingi wa matibabu ya figo ya kisasa.

Utoto na elimu

Smith alizaliwa Denver, katika jimbo la Colorado, akakulia Cripple Creek, mji wa wachimba dhahabu milimani katika jimbo hilohilo. Alisoma Chuo Kikuu cha Denver na kupata shahada ya kwanza mwaka 1917, mwaka ambao Marekani iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Baada ya vita alijiunga na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, na kupata shahada ya udaktari wa sayansi mwaka 1921. Hakuwa daktari wa tiba. Jambo hilo ni la kukumbukwa, kwa sababu baadaye madaktari wengi wa tiba walimhesabu kuwa mwalimu wao.

Gesi ya vita na swali la utando wa seli

Wakati wa vita Smith alifanya kazi katika kikosi cha jeshi kilichochunguza silaha za kemikali, akiwa pamoja na mwanafamakolojia E. K. Marshall. Walichunguza gesi ya haradali, sumu iliyochoma ngozi, macho na mapafu ya askari katika mahandaki ya Ulaya. Sumu hiyo huyeyuka kwa urahisi katika mafuta. Kwa kuwa utando wa seli umejengwa zaidi kwa mafuta, sumu hupenya ngozi na kuingia ndani ya seli kabla aliyeguswa hajahisi maumivu.

Hivyo swali lililomshughulisha maisha yake yote lilimjia kwanza kupitia silaha: ni kitu gani kinachopita katika utando wa seli, kinapita kwa njia gani, na ni kitu gani kinachozuiwa?

Baada ya masomo alifanya kazi katika kampuni ya dawa ya Eli Lilly, ambako alichunguza jinsi kaboni dioksidi inavyoathiri kugawanyika kwa mayai ya wanyama wa baharini. Kuanzia mwaka 1923 hadi 1925 alikuwa Chuo Kikuu cha Harvard katika maabara ya Walter Cannon, mtaalamu aliyefundisha kwamba mwili hujitahidi daima kutunza hali yake ya ndani isibadilike. Kisha Smith akawa profesa wa fiziolojia Chuo Kikuu cha Virginia, na mwaka 1928 akahamia Chuo Kikuu cha New York, alikobaki hadi mwaka 1961.

Usambaaji, osmosisi na kazi ya mwili

Ili kuielewa kazi ya Smith ni lazima kwanza kuelewa usambaaji, ambao shuleni huitwa pia difusheni. Molekuli za kimiminika au gesi hazitulii. Zinagongana na kwenda huku na huku bila kukoma. Kijiko cha sukari kikiachwa chini ya kikombe cha maji bila kukorogwa, sukari huyeyuka na polepole huenea hadi juu. Hakuna anayeisukuma. Mahali palipo na molekuli nyingi huondoka nyingi, na mahali palipo na chache huondoka chache. Kwa hiyo jumla ya mwendo ni kutoka kwenye ukolezi mkubwa kwenda kwenye ukolezi mdogo.

Oksijeni huingia katika seli kwa njia hii, kwa sababu seli huitumia na kuipunguza ndani. Kaboni dioksidi hutoka kwa njia hiyohiyo, kwa sababu huzalishwa ndani. Gesi hizi hupita katika mafuta ya utando bila shida. Chembe zenye chaji ya umeme, kama zile za chumvi, haziwezi kupita katika mafuta. Zinahitaji milango maalumu ya protini.

Usambaaji ni wa haraka katika umbali mdogo na wa polepole sana katika umbali mkubwa. Umbali ukiongezeka mara 10, muda unaohitajika huongezeka mara 100. Oksijeni ndani ya maji huvuka sehemu ya mia moja ya milimita, ambayo ni kadiri ya upana wa seli, kwa muda ulio chini sana ya sekunde moja. Kuvuka sentimita moja kwa njia hiyo tu huchukua saa kadhaa. Hii ni sababu mojawapo ya seli kuwa ndogo, na ya wanyama wakubwa kuhitaji moyo na mishipa ya damu ili kuvifikisha vitu karibu na kila seli.

Maji nayo huvuka utando kuelekea upande wenye chumvi au sukari nyingi zaidi. Mwendo huo huitwa osmosisi. Mpishi wa kachumbari huuona kila siku: vitunguu na nyanya vikitiwa chumvi, baada ya muda maji hukusanyika chini ya bakuli, kwa sababu chumvi iliyo nje huvuta maji kutoka ndani ya seli.

Hapa ndipo penye hatari kwa mnyama. Damu ya samaki wa mtoni ina chumvi nyingi kuliko maji ya mto, kwa hiyo maji huingia mwilini mwake bila kukoma. Samaki wengi wa baharini wenye mifupa wana damu yenye chumvi kiasi cha theluthi moja tu ya ile ya bahari. Hao hupoteza maji ingawa wamezungukwa na maji. Kama usambaaji na osmosisi vingeachiwa vifanye kazi peke yake, wa kwanza angevimba na wa pili angekauka. Smith alitaka kujua wanachofanya ili wasife.

Matamvua ya samaki

Katika miaka ya 1920 wengi walidhani kwamba samaki, kama binadamu, huondoa taka za nitrojeni hasa kwa mkojo. Smith alitengeneza chombo chenye sehemu mbili zilizotenganishwa kwa kizuizi cha mpira. Kichwa cha samaki na matamvua yake vilikuwa upande mmoja, na sehemu ya nyuma ya mwili pamoja na tundu la mkojo zilikuwa upande wa pili. Kisha akapima nitrojeni iliyokusanyika katika maji ya kila upande.

Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1929 yalionyesha kwamba nitrojeni iliyotoka upande wa kichwa ilizidi mara kadhaa ile iliyotoka kwa mkojo. Sehemu kubwa ilikuwa amonia. Matamvua yana eneo kubwa na utando mwembamba, na damu hupita karibu kabisa na maji, yaani yana kila kinachohitajika kwa usambaaji wa haraka. Kwa hiyo kiungo kilekile kinachoingiza oksijeni ndicho kinachotoa amonia. Samaki aliye majini hahitaji figo kwa kazi hiyo, kwa sababu ziwa zima linapokea taka yake.

Kutokana na hayo likazuka swali jingine. Samaki huyo akikosa maji atafanya nini? Amonia ni sumu kali na haiwezi kulimbikizwa mwilini. Smith alijua kuna samaki anayeweza kuishi katika matope makavu kwa miezi mingi. Alipatikana Afrika.

Safari ya Ziwa Viktoria

Mwaka 1928, kwa msaada wa mfuko wa Guggenheim, Smith alisafiri hadi Afrika Mashariki na kufika Ziwa Viktoria upande wa Kenya. Alikuwa akimtafuta Protopterus aethiopicus, samaki ambaye Wajaluo humwita kamongo. Jina hilo limeenea pia katika Kiswahili cha watu wa kanda ya ziwa. Samaki huyo hupatikana vilevile katika Ziwa Tanganyika na katika maji mengine ya Afrika ya Mashariki na Kati.

Kamongo ana mwili mrefu kama mkunga na mapezi membamba kama kamba. Anayo matamvua, lakini ni madogo, na akiwa mkubwa hupata karibu oksijeni yake yote kwa mapafu. Akizuiwa kupanda juu kuvuta hewa hufa maji, ingawa ni samaki.

Maji yakikauka, kamongo huchimba shimo katika matope na kujikunja humo, mkia ukifunika kichwa. Hutoa ute unaokauka na kuwa kama mfuko mwembamba unaomzunguka, ukiwa na tundu dogo la kupitishia hewa. Humo hulala usingizi wa kiangazi hadi mvua zirudi. Watu wa sehemu nyingi za Afrika wanamfahamu kwa tabia hiyo, na humchimba kwa jembe katika matope yaliyokauka.

Smith alichukua kamongo walio hai hadi maabara yake New York, akawalaza katika matope yaliyoachwa yakauke, na kuwapima. Aligundua kwamba matumizi yao ya oksijeni hushuka sana. Kwa kuwa hawali kitu, huishi kwa kuichoma miili yao wenyewe, hasa protini za misuli. Kuchoma protini huzalisha nitrojeni, na hapo ndipo alipopata jibu lake: kamongo aliyelala hutengeneza urea badala ya amonia.

Urea ni kemikali ileile ambayo mkulima wa mpunga wa Kakese, karibu na Mpanda, anaifahamu kama mbolea nyeupe ya punje ndogo. Katika mwili hutengenezwa na ini. Haina ukali wa amonia, kwa hiyo inaweza kubaki katika damu kwa wingi bila kuua. Kamongo aliye ndani ya mfuko wake huacha kabisa kutoa mkojo, na urea huongezeka katika damu na nyama yake mwezi baada ya mwezi. Kiasi hicho kingekuwa hatari kubwa kwa wanyama wengi. Mvua inaponyesha na kamongo kurudi majini, urea hiyo husambaa na kutoka mwilini katika muda mfupi, na samaki hurudia maisha yake ya kawaida.

Matokeo hayo yalichapishwa kuanzia mwaka 1930. Kwa Smith yalikuwa na maana pana kuliko habari za samaki mmoja. Kuhama kutoka majini kwenda nchi kavu hakukuhitaji mapafu na miguu peke yake. Kulihitaji pia njia ya kuishi na taka ambayo haikuwa tena na maji ya kuipokea. Binadamu naye hutengeneza urea, na figo zake ndizo zinazoitoa.

Samaki wa baharini na papa

Kwa miaka mingi Smith alitumia majira ya kiangazi katika maabara ya baharini ya kisiwa cha Mount Desert, jimbo la Maine. Mwaka 1930 alionyesha jinsi samaki wa baharini wenye mifupa wanavyoepuka kukauka. Alitia rangi katika maji ya bahari, kisha akaangalia rangi hiyo ndani ya matumbo ya samaki. Ilionekana kwamba samaki hao hunywa maji ya bahari. Utumbo hufyonza maji pamoja na sehemu kubwa ya chumvi, na chumvi iliyozidi hutolewa nje hasa kupitia matamvua.

Utoaji huo hauwezi kuwa usambaaji, kwa maana chumvi inatoka mahali ilipo kidogo kwenda mahali ilipo nyingi, kama mtu anayepandisha maji mlimani. Seli lazima zitumie nguvu. Kazi ya watafiti wengine miaka iliyofuata ilithibitisha kwamba matamvua yana seli maalumu kwa kazi hiyo.

Papa na taa wana njia tofauti. Tangu karne ya 19 ilijulikana kwamba damu yao ina urea nyingi ajabu. Smith alieleza faida yake: urea, pamoja na chumvi iliyomo katika damu, huufanya ukolezi wa damu ulingane na wa bahari au kuuzidi kidogo, hivyo maji hayatoki mwilini. Matamvua ya papa karibu hayapitishi urea kabisa, na figo zake huirudisha katika damu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Smith alisafiri tena, mara hii hadi Siam (leo Uthai) na Malaya, kuwachunguza jamaa wa papa waliohamia katika maji ya mito.

Figo ya binadamu

Baada ya kuhamia New York, Smith alianza kuigeuza elimu hiyo kuwa kipimo cha hospitali. Kila figo ya binadamu ina mirija midogo sana iitwayo nefroni, kiasi cha milioni moja. Mwanzoni mwa kila nefroni kuna fundo la mishipa midogo ya damu, yaani glomeruli, ambalo huchuja maji ya damu. Maji yaliyochujwa hupita katika mrija, ambako seli hurudisha vitu vinavyohitajika na kuongeza vile vinavyopaswa kutupwa.

Tatizo lilikuwa hili: hakuna aliyeweza kupima kwa uhakika kiasi kinachochujwa katika mtu aliye hai. Mkojo unaotoka ni mabaki tu baada ya seli za mirija kufanya kazi yake. Urea haikufaa kwa kipimo hicho, kwa sababu sehemu yake husambaa na kurudi katika damu njiani.

Ilihitajika dutu inayochujwa kwa urahisi, lakini isiyoweza kupita katika utando wa seli kwa upande wowote. Katikati ya miaka ya 1930 Smith na mwenzake James Shannon walionyesha kwamba inulini inafaa. Inulini ni aina ya wanga inayopatikana katika mizizi ya mimea fulani, kama vile chikori. Molekuli zake ni kubwa, kwa hiyo haziingii katika seli za mirija. Na ni ndogo vya kutosha kupita katika chujio. A. N. Richards na wenzake wa Philadelphia walifikia hatua hiyo wakati uleule bila kushirikiana na kundi la New York.

Mgonjwa akitiwa inulini kwenye mshipa, daktari hupima ukolezi wake katika damu na kiasi kinachotoka katika mkojo kwa dakika. Kwa hesabu rahisi ya kugawanya hupata kiasi cha maji ya damu kilichochujwa. Kwa mtu mzima mwenye afya ni takriban mililita 125 kwa dakika, yaani karibu lita 180 kwa siku. Mkojo ni lita moja na nusu hivi. Zaidi ya asilimia 99 ya maji hurudishwa. Hivyo mtu anayeona mkojo wake ni wa kawaida anaweza kuwa amekwisha kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wa figo bila kujua.

Smith na wenzake walitafuta pia dutu ambazo figo huziondoa karibu zote kila damu inapopita mara moja. Kwa kuzipima waliweza kujua kiasi cha damu kinachofika kwenye figo. Ilionekana kwamba viungo hivi viwili vidogo hupokea kiasi cha moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo mtu akiwa amepumzika. Vipimo hivi vilifanywa pamoja na madaktari William Goldring na Herbert Chasis katika hospitali ya Bellevue, New York.

Upasuaji na shinikizo la damu

Katika miaka ya 1930 majaribio ya Harry Goldblatt kwa mbwa yalionyesha kwamba kubana mshipa wa figo huleta shinikizo la juu la damu. Madaktari wengi wakaanza kuwaondolea figo moja wagonjwa wa shinikizo, wakitumaini kuwaponya. Kwa mgonjwa huo ulikuwa uamuzi mkubwa: alipoteza kiungo kisichoota tena, kwa ahadi ambayo haikuwa imepimwa.

Smith alikusanya taarifa za wagonjwa waliofanyiwa upasuaji huo na kuzipitia moja baada ya nyingine. Katika makala yake ya mwaka 1956 alionyesha kwamba ni takriban robo tu ya wagonjwa walioripotiwa ndio waliopona shinikizo. Alisisitiza kwamba figo isiondolewe kwa sababu ya shinikizo la damu pekee, bila dalili nyingine za ugonjwa katika figo hiyo. Makala zake zilisaidia kupunguza upasuaji usio wa lazima.

Nadharia ya asili ya figo

Mwaka 1930 Smith na Marshall walichapisha makala waliyolinganisha figo za wanyama wenye uti wa mgongo na mazingira wanamoishi. Kwa maoni yao, wanyama hao walianzia katika maji baridi. Glomeruli ilitokea kama pampu ya kutoa maji yaliyoingia mwilini kwa osmosisi. Waliohamia baharini hawakuihitaji sana, na kweli wapo samaki wa baharini ambao hawana glomeruli hata moja. Waliohamia nchi kavu walibaki na chujio linalotoa maji kwa wingi, wakalazimika kujenga mirija ya kuyarudisha. Ndiyo sababu, kwa maelezo yake, figo ya binadamu huchuja lita 180 kisha huzirudisha karibu zote.

Nadharia hiyo ilikubaliwa na wengi, lakini baadaye ilipingwa. Mabaki ya kale ya samaki wa kwanza yanaelekeza zaidi kwenye bahari. Tena samaki wa kale wasio na taya waitwao hagfish huishi baharini, damu yao ina ukolezi kama wa bahari, na bado wana glomeruli. Leo wataalamu wengi hawakubali chanzo cha maji baridi. Hata hivyo vipimo vyake kuhusu namna samaki wa sasa wanavyotunza maji na chumvi vimebaki sahihi.

Smith alichelewa pia kuikubali nadharia ya wanasayansi wa Uswisi iliyoeleza jinsi figo inavyokoleza mkojo kwa mirija inayopitisha maji kwa pande zinazopishana. Kadiri ushahidi ulivyoongezeka alibadilisha msimamo wake, na mwaka 1959 aliieleza nadharia hiyo kwa kuikubali.

Uandishi

Mwaka 1932 Smith alichapisha kitabu cha riwaya kiitwacho Kamongo. Ni mazungumzo ndani ya meli kati ya mwanasayansi anayerudi kutoka Afrika na kasisi mmoja. Wanajadili kama maisha yana lengo, huku kamongo akiwa mfano: samaki aliyepata mapafu lakini akabaki matopeni. Kitabu kilipata wasomaji wengi wasiokuwa wanasayansi.

Kitabu chake kikubwa cha taaluma, kuhusu muundo na kazi ya figo katika afya na ugonjwa, kilitoka mwaka 1951 na kilitumiwa na kizazi kizima cha madaktari. Mwaka 1952 alitoa kitabu juu ya historia ya dini, chenye dibaji ya Albert Einstein. Humo alionyesha msimamo wake wa kutokuwa na imani ya kidini, jambo ambalo wasomaji wengine hawakukubaliana naye. Mwaka 1953 alitoa From Fish to Philosopher, kinachoeleza historia ya figo kwa lugha nyepesi. Wazo lake kuu ni kwamba mnyama anaweza kuhama na kuishi popote kwa sababu figo zinatunza bahari ndogo iliyo ndani yake.

Miaka ya mwisho na urithi

Smith alichaguliwa kuwa mwanachama wa Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani mwaka 1945, na mwaka 1948 alipata Tuzo ya Lasker. Alistaafu Chuo Kikuu cha New York mwaka 1961 na kufariki katika jiji hilo tarehe 25 Machi 1962, akiwa na umri wa miaka 67.

Mwenzake Shannon aliongoza utafiti wa dawa za malaria wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na baadaye akawa mkurugenzi wa taasisi za taifa za afya za Marekani. Tuzo ya Homer W. Smith, ambayo hutolewa kwa watafiti wa figo, imepewa jina lake.

Baadhi ya maswali ya Smith yalijibiwa baada ya kifo chake. Milango ya protini inayopitisha maji katika utando wa seli ilitambuliwa na Peter Agre mwanzoni mwa miaka ya 1990, na milango ya urea ilijulikana katika miaka hiyohiyo.

Leo madaktari hawatumii inulini mara kwa mara. Hukadiria uchujaji kwa kupima kreatinini katika damu. Lakini namba wanayoitafuta ni ileile, yaani mililita zinazochujwa kwa dakika, na husaidia kuamua kama mgonjwa anahitaji kusafishwa damu kwa mashine. Mashine hiyo hufanya kazi kwa usambaaji: damu hupita upande mmoja wa utando mwembamba, maji safi yenye chumvi zilizopimwa hupita upande wa pili, na urea huvuka kutoka ilipo nyingi kwenda ilipo chache, kama inavyomtoka kamongo mvua zinaporudi.